Upana wa Mtambo

Saa mbili na robo asubuhi mtaimbo ulipinda. Winchi alikuwa ameuchomeka chini ya jiwe na kuukalia kwa uzito wake wote. Jiwe halikusogea. Aliuchomoa, akauinua juu ili dada yake auone.

"Dada, huu sasa ni upinde. Nitafutie mshale tukawinde."

Dada hakucheka. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, na shimo lilikuwa halijafika magotini. Kila mtu pale makaburini alimwita Dada, hata waliomzidi umri, kwa sababu mdogo wake Winchi ndivyo alivyomwita, na kazi yote ilipita mikononi mwake tangu baba yao alipofariki. Mumewe, dereva wa zamani wa malori, alikuwa ndani ya shimo pamoja na Winchi. Alikuwa amekunja shingo huku amejishika kiuno.

"Pumzikeni," Dada alisema.

"Tukipumzika msiba utafika," mumewe alijibu.

"Pumzikeni hivyo hivyo."

Ugumu wa ardhi ile ulikuwa na sababu inayojulikana. Makaburi ya manispaa yalikuwa yamejaa. Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa njia pana zilizoachwa katikati ya safu, ambazo miaka ya nyuma gari la maiti lilipita hadi karibu na kaburi. Ili gari lisizame wakati wa mvua, njia hizo zilimwagiwa mawe na kushindiliwa kwa rola. Sasa magari yaliishia getini, na manispaa ikaamua kuzika humo humo njiani. Kwenye udongo wa kawaida watu watatu walimaliza kaburi kabla ya chai ya saa nne. Kwenye njia, kaburi moja lilikula siku nzima.

Siku hiyo ilikwenda kama zilizotangulia. Msafara ulifika saa sita ukakuta shimo linaishia kiunoni. Jeneza liliwekwa juu ya viti viwili. Mjane alipewa kiti cha tatu, akakaa akiwatazama Winchi na mumewe Dada wakipiga sululu, na kila sululu iliporuka juu ya jiwe alifumba macho. Walimaliza saa kumi.

Afisa wa makaburi alikuwepo. Alisubiri watu waondoke, kisha akamwita Dada pembeni.

"Sina ugomvi na nyinyi," alisema. "Kazi mnaijua. Baba yenu aliijua. Lakini wiki hii ni mara ya tatu watu wanakaa juani na maiti yao."

"Tunachimba barabara, bwana afisa. Hatuchimbi kaburi."

"Naelewa. Na wakubwa wangu nimewaeleza hivyo hivyo. Wamesema kuna kampuni ina mitambo." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ijumaa nitakuja mwenyewe. Msafara ni saa sita, njia ya nne. Wakikuta shimo, nitaandika kwamba mnaiweza. Wasipolikuta, kampuni itaanza Jumatatu. Na nyumba, unajua masharti yake."

Dada aliyajua. Nyumba ya getini ilikuwa vyumba viwili na baraza, na ilikuwa ya mchimbaji, yeyote atakayekuwa. Chumba kimoja alilala yeye, mumewe na watoto. Cha pili alilala mama yake. Winchi alilala stoo, katikati ya makoleo, na alipenda kusema kwamba yeye peke yake katika familia ana chumba cha kujitegemea.

*

Yadi ya mitambo ilikuwa pembeni mwa barabara kuu, imezungushiwa bati. Ndani yake ilipangwa mitambo ya rangi ya njano iliyotoka nje ya nchi, mipya, ya bei nafuu, ya kiwanda ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Kibao kilisema: MASHINE MOJA, KAZI SABA. Dada alikwenda na mumewe, Winchi, na fundi wa magari makubwa ambaye mumewe alifanya naye kazi zamani.

Muuzaji alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuizidi nguvu jenereta.

"Karibuni! Kijiko hiki hapa," alisema, akipiga bodi ya mtambo mmoja mdogo kama anayempiga ng'ombe mgongoni. "Mbele kuna koleo pana, linazoa. Nyuma kuna mkono wa kuchimba. Unanyanyua, unasukuma, unavuta, unasawazisha. Unavunja na mwamba, ukifunga nyundo."

"Nyundo iko wapi?" aliuliza Dada.

"Inakuja na meli ijayo."

"Basi ni kazi sita," alisema Winchi.

"Ya saba unaisubiri, kijana. Hata mke mzuri husubiriwa."

"Huyo anayekuja kwa meli namsikia tangu nizaliwe."

Muuzaji alicheka kwa moyo mkunjufu. Dada alimgeukia fundi akamwambia mambo matatu ya kuangalia: injini, mafuta yanayosukuma mkono, na mkono wenyewe. Fundi alivua shati, akaingia chini ya mtambo kwa muda mrefu. Aliuwasha, akausikiliza, akauzima, akauwasha tena. Alishika mipira ya mafuta mmoja mmoja. Kwenye maungio ya mkono alitoa spana akakwaruza chuma, akatazama mkwaruzo.

Alipotoka aliwavuta mbali na muuzaji.

"Injini nzima," alisema. "Sikutegemea, lakini nzima. Mafuta hayavuji. Mkono ndio una neno. Chuma chake chembamba, na hizi pini za maungio ni laini, zinakwaruzika kama sabuni. Kwenye udongo utakaa nao miaka. Kwenye mawe, upe nafasi yake. Usiulazimishe."

"Na pini ikikatika?"

"Vipuri vinaagizwa kule kule vilikotoka. Miezi miwili, mitatu. Kitabu chake nimekiona, kimeandikwa kwa lugha ya huko, picha tu ndizo tunazoweza kusoma."

"Wewe ungenunua?"

Fundi alijifuta mikono kwa muda. "Mimi sina kaburi la kuchimba Ijumaa," alisema. "Kama ningekuwa na muda ningetafuta wa mtumba wa kampuni inayojulikana. Una muda?"

"Sina."

"Na pesa za kampuni inayojulikana?"

"Sina."

"Basi swali lako si kama ni mzuri. Swali lako ni kama ni mzima, na leo ni mzima."

Lilibaki jambo moja, na jambo hilo hawakuhitaji fundi. Kila mtu wa makaburini anajua kupima upana. Ukiletwa ujumbe kwamba marehemu ni mtu wa mwili, unatuma kamba nyumbani, jeneza linapimwa mahali lilipo pana kuliko pote, kamba inafungwa fundo, na unaongeza shubiri moja kila upande kwa ajili ya mikono ya wabebaji. Dada alikuwa na kamba mfukoni. Winchi alishika ncha moja, mumewe akashika nyingine, wakapima mtambo kwenye koleo la mbele, ambalo lilikuwa pana kupita magurudumu na bodi. Dada alifunga fundo. Jioni waliilaza kamba ile ile kwenye njia ya nne, kutoka safu hadi safu. Shubiri ilibaki kila upande, na zaidi kidogo.

"Unapita," mumewe alisema.

"Unapita kama bwana harusi," alisema Winchi.

*

Kiwanja kilikuwa cha mama. Baba yao alikinunua kidogo kidogo, kwa miaka mingi, akajenga msingi na kuta hadi usawa wa madirisha, akaishia hapo. Hati ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro la mama, na muuzaji alikuwa amesema atakubali kiwanja kwa mtambo, hati kwa ufunguo, bila kuongeza wala kupunguza.

Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua baba yenu alikinunua kwa nini?" aliuliza.

"Ili tuwe na pa kukaa."

"Nyinyi mnaweza kukaa popote. Alikinunua ili nisifie kwenye nyumba ya manispaa. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia, mwenzangu, mimi siwezi kufa chumbani ambamo mtu atakuja siku ya pili kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yake."

Dada aliketi kando ya beseni.

"Tusipopata kazi, Jumatatu tunatoka hapa," alisema. "Tutakwenda kwenye msingi usio na paa, bila kazi. Kiwanja nacho tutakiuza, kwa ajili ya kula."

"Na huo mtambo ukifa?"

"Tutakuwa hatuna kiwanja, hatuna kazi, hatuna nyumba."

"Angalau umesema." Mama alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akautazama. "Mdogo wako anasemaje?"

Winchi alikuwa mlangoni. "Mimi nasema kiuno cha shemeji kimekwisha, mama. Changu kina mwaka mmoja. Halafu mtatuchimbia sisi, na hamtamaliza kabla ya saa kumi."

Mama alicheka.

"Ujaribu kwanza huo mtambo," alimwambia Dada. "Ng'ombe wa maziwa hanunuliwi bila kukamuliwa. Mwambie huyo mtu akupe Ijumaa. Hati akae nayo mpaka jioni. Uuone ukichimba hapa, kwenye mawe haya, si kwenye mchanga wa yadi yake. Ukiupenda, mwachie hati. Usipoupenda, nirudishie niilalie."

Alijisogeza ili Dada aweze kuinua godoro.

Muuzaji alikubali haraka kuliko walivyotegemea. Aliisoma hati mbele na nyuma, akaiweka kwenye droo ya meza yake. "Jua halijazama uwe hapa," alisema. "Ukiurudisha mzima na huutaki, hati yako hii, tunabaki marafiki. Ukiurudisha na kasoro, dada yangu, hapo utakuwa umeshanunua. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

*

Ijumaa mtambo uliingia getini mapema. Mumewe Dada aliuendesha polepole, kwa sura ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Watoto walisimama barazani. Kwenye njia ya nne Winchi alitangulia akitembea kinyumenyume, akiita kwa mikono, na koleo la mbele lilipita katikati ya safu mbili bila kugusa kigae hata kimoja. Wachimbaji wawili wa kibarua, walioitwa kusaidia siku hiyo, walipiga makofi. Afisa alikuwa amefika, amesimama chini ya mwavuli wake, na hata yeye alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mumewe alisimamisha mtambo mahali palipopigwa vigingi, akageuza kiti, akatazama nyuma ambako mkono ulikuwa umekunjwa. Alivuta wenzo wa kwanza, wa kushusha miguu. Kijiko cha aina hiyo hakichimbi kikiwa juu ya matairi. Kina miguu miwili ya chuma nyuma, inayoshuka na kukibeba.

Miguu haikushuka wima. Ilifunguka kwa pembeni, kila mmoja upande wake, kama viwiko vya mtu anayejipenyeza kwenye foleni. Wa kushoto ulikuja juu ya kaburi lililojengwa kwa vigae vyeupe. Wa kulia ulikuja juu ya kaburi la udongo lililozungushiwa chupa. Winchi alipiga kelele, na mumewe akaachia wenzo. Mguu wa kushoto ulisimama hewani, shubiri moja juu ya vigae.

Dada alitoa kamba, akapima kutoka unyayo wa chuma hadi unyayo wa chuma. Alipoilaza kamba njiani, ilizidi kila upande kwa urefu wa mkono wake, kutoka bega hadi vidole.

"Tumeupima kama jeneza," mumewe alisema kutoka juu ya kiti.

Ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wamepima kitu kinachopita. Maisha yao yote hakuna kitu kilichowahi kuletwa kwenye njia zile ambacho kilihitaji kutanuka baada ya kufika.

Dada alimpigia fundi. Alimweleza kwa sentensi chache, akaweka simu isikike kwa wote.

"Ah," fundi alisema. "Ndiyo, hiyo miguu yake ni ya kupanuka. Ipo mingine ya kushuka wima, ya bei kubwa."

"Mbona hukusema?"

"Dada, uliniuliza injini, mafuta na mkono. Sikujua nafasi yenu ikoje. Nilidhani mnachimba uwanjani."

"Tukichimba bila kushusha miguu?"

"Usifanye hivyo."

"Itakuwaje?"

"Mkono ukishika jiwe lililoshindiliwa, jiwe halitanyanyuka. Utanyanyuka mtambo. Ukishanyanyuka unadondoka, na uzito wote unapita kwenye zile pini. Nimekwambia chuma chake."

Dada alikata simu. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Tuweke mbao juu ya makaburi," alisema Winchi. "Miguu ikae juu ya mbao. Mbao zinagawa uzito."

"Hiki kigae kina unene gani?" Dada aliuliza.

"Kidole."

"Chini yake?"

Winchi alikuwa ameyajenga makaburi mengi ya aina hiyo yeye mwenyewe na alijua kwamba chini ya kigae kuna zege la vidole viwili, na chini ya zege kuna uwazi, kwa sababu udongo hushuka.

"Wenyewe hawa wanakuja kila wiki," Dada alisema. "Mama wa mtoto aliyelala humu. Analeta maji ya kufutia vigae."

"Basi wa kulia. La kulia ni kaburi la udongo, halina mtu wa kulitembelea, hata jina limefutika."

"Mguu mmoja hautoshi, shemeji," mumewe alisema.

"Najua hautoshi! Nasema tu! Kila mtu anasema kitu, nami nimesema!" Winchi alitupa kofia yake chini, akaiokota.

Walijaribu koleo la mbele, ambalo halikuhitaji miguu. Mumewe aliugeuza mtambo kule mwisho wa njia, akarudi, akaweka meno ya koleo chini, akasukuma. Mara ya kwanza kilitoka kifusi cha mawe ujazo wa toroli tatu, na mmoja wa vibarua akashangilia. Mara ya pili Dada alipiga magoti kando ya kaburi la vigae. Koleo lilikuwa pana karibu sawa na njia, kwa hiyo lilikuwa linakula njia nzima na siyo kaburi peke yake, na udongo ulioshikilia msingi wa kaburi la vigae ulikuwa umeanza kumwagika. Aliinua mkono. Mumewe akasimamisha.

Saa nne na nusu wanaume wote wanne walikuwa shimoni na sululu. Saa tano shimo lilikuwa kwenye mapaja. Mumewe Dada alitoka, akajilaza chali kwenye njia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba haoni vizuri. Walimpa maji.

Kisha mlinzi wa geti alikuja mbio. Msafara ulikuwa umewahi. Magari mawili yalikuwa yameshaegeshwa nje na watu walikuwa wanashuka.

Afisa alitazama saa yake, akamtazama Dada. "Naweza kuwashikilia getini kidogo," alisema. "Nitawaambia kuna karatasi za kusaini. Ni mambo ninayoweza kufanya, hayo tu." Akaenda.

Dada alitazama shimo, kisha mtambo, kisha mumewe aliyekuwa anajikongoja kusimama. Winchi alisema: "Dada, nimechoka. Sisemi kwa utani. Mikono haifungi." Alimwonyesha. Vidole vyake vilibaki vimekunjika nusu, havifunguki wala havifumbiki.

"Unaweza kukaa kwenye kiti?" Dada alimwuliza mumewe.

"Naweza."

"Chimba."

"Bila miguu?"

"Bila miguu."

"Hati iko kwa yule mtu."

"Najua ilipo. Tokeni shimoni wote. Hakuna anayekaa karibu na mkono. Winchi, hata wewe, sogea."

Mumewe aliugeuza tena mtambo kule mwisho wa njia, akaurudisha kinyumenyume. Mkono ulikunjuka, ukaingia shimoni, ukashika. Kama fundi alivyosema, jiwe halikunyanyuka. Ulinyanyuka mtambo. Magurudumu ya nyuma yaliacha ardhi kiasi cha shubiri, yakadondoka, na kishindo kilisikika hadi barazani ambako mama alisimama. Mumewe alivuta tena. Mtambo ulinyanyuka, ukadondoka. Mara ya nne jiwe liliachia. Baada ya hapo tabaka lote la mawe lilianza kufumuka vipande vipande, na kila kipande kiliugharimu mtambo mruko mmoja. Dada hakutazama shimo. Alitazama maungio ya mkono. Mara mbili aliona vumbi la rangi ya njano likidondoka mahali pasipo na mawe, na mara zote mbili hakuinua mkono wake kumsimamisha mumewe.

Chini ya mawe palikuwa na udongo. Vibarua waliingia wakanyoosha kuta na kusawazisha chini. Mtambo uliondolewa kwa upande wa pili wa njia huku msafara ukiingia kwa upande wa kwanza, na waliobeba jeneza hawakusimama hata mara moja kutoka getini hadi kaburini.

Baada ya mazishi afisa alimfuata Dada nyuma ya stoo.

"Shimo lilikuwepo," alisema. "Nimeandika hivyo. Kazi ni yenu." Alisita. "Jumatatu yapo mawili. Njia hiyo hiyo."

*

Ufa ulikuwa kwenye ungio la chini la mkono, nyuma, urefu wa kidole cha kati. Ulianzia kwenye tundu la pini ukapanda kwenye chuma chembamba. Ukisimama mbali hauonekani. Winchi alichota tope kwenye ndoo, akalipaka pale, na kwingine kote kwenye mkono ili lisionekane limewekwa mahali pamoja. Dada alimwona. Hakumkataza. Mumewe alimwona Dada akiona, akapanda kwenye kiti.

Jua lilikuwa bado juu ya bati za yadi walipofika. Muuzaji alizunguka mtambo mara mbili. Alipiga magurudumu teke, akawasha injini, akanyoosha mkono na kuukunja, akatazama chini kama kuna mafuta.

"Mmeuchezesha matopeni!" alisema. "Haya, si kitu, tope si kasoro. Twendeni ndani."

Ofisini alitoa hati kwenye droo, akamkabidhi Dada. Dada aliipokea kwa mikono miwili. Muuzaji alijitupa kwenye kiti chake.

"Sasa niambie. Unauchukua au unaniachia? Usione nakuharakisha. Kesho asubuhi anakuja bwana mmoja wa mabomba ya maji. Yeye haulizi maswali, anataka kuondoka nao saa ile ile."

"Tunakuachia," alisema Winchi kabla dada yake hajafungua mdomo. "Ni mzuri, ila ni mpana."

"Mpana! Mtambo huu? Basi poa." Muuzaji alitabasamu. "Bwana wa mabomba atafurahi."

Dada alikuwa hajasogea.

"Anachimba mitaro?" aliuliza.

"Mitaro mirefu, ndiyo kazi yake."

"Vijana wake wanakuwa wapi mtambo ukichimba?"

"Watakuwa wapi? Mtaroni. Wanasawazisha chini, mkono unatoa udongo juu yao. Ndiyo kazi ilivyo, si unaijua mwenyewe?"

"Dada," alisema Winchi. "Dada, twende. Mama anangoja."

Mumewe alitazama sakafu.

"Ungio la chini lina ufa," Dada alisema. "Upande wa nyuma. Tumeutia sisi leo."

Muuzaji aliacha kutabasamu. Alimtazama mmoja baada ya mwingine, akachukua tochi, akatoka. Kupitia dirishani walimwona akichuchumaa chini ya mkono, akifuta tope kwa kiganja, akileta tochi karibu, akikaa hivyo kwa muda. Winchi alikuwa ameegemea ukuta na paji la uso limegusa bati.

Muuzaji alirudi. Alijifuta kiganja kwenye suruali, kisha akakinyoosha juu ya meza, kimefunguka.

Dada aliweka hati juu yake. Muuzaji aliirudisha kwenye droo, akaifunga, na akamsukumia mumewe ufunguo wa mtambo.